Daftari la Kaunta

Wiki iliyopita nilirudia kusoma Down and Out in Paris and London, kitabu cha George Orwell cha mwaka 1933, zile sura anazoeleza alivyoosha vyombo kwenye hoteli ya Paris. Wengi tukikisoma tunabaki na uchafu: kuku wa kuokwa anadondoka kwenye shimo la lifti ya chakula, anafutwa kwa kitambaa, anapandishwa kwa mteja. Safari hii nilijiuliza kitu kingine. Ingemgharimu nini mtu kusema kwamba kuku kaanguka?

Kwa Dar es Salaam naweza kujibu. Baada ya chuo, kabla sijapata kazi ya gazeti, nilihudumia meza kwa miezi saba kwenye mgahawa mmoja ambao sitautaja. Pale kaunta kulikuwa na daftari lenye jalada gumu. Glasi ikivunjika, jina lako linaandikwa. Mteja akitoroka na bili, jina lako. Oda ikikosewa, jina lako au la mpishi, na hapo ndipo vita vilipoanzia, maana kila kosa lilikuwa na nafasi ya jina moja tu. Mwisho wa mwezi unakatwa.

Basi ikawa kila mtu anajiandalia ushahidi. Wahudumu walianza kuandika oda mara mbili, nakala moja ikibaki mfukoni. Mpishi naye akawa hapokei oda ya mdomo, hata ya chai. Mteja mmoja aliletewa sato wa kukaanga wakati aliagiza wa kuchemsha, na badala ya mtu kubandika sufuria haraka, watu watatu walisimama dirishani wakilinganisha vikaratasi. Mteja anawaangalia. Samaki anapoa.

Kibaya zaidi ni kwamba kusaidiana kulikufa, na kulikufa kimyakimya. Jumamosi jioni watu wamejaa, mhudumu mgeni kabeba sinia limemzidi, na hakuna anayenyanyua mkono. Si roho mbaya. Ukishika upande mmoja likadondoka, vinavyovunjika vinaandikwa kwa nani?

Bosi alikuwa na hoja, lazima niseme. Sahani zinanunuliwa, faida ya chakula ni ndogo, na wapo wafanyakazi ambao bila kubanwa wangegawa soda kwa marafiki. Hata sheria haimzuii kabisa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu mfanyakazi akatwe kwa hasara aliyoisababisha, ila mwajiri ampe kwa maandishi chanzo na hesabu ya deni, ampe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Daftari letu halikuwa na hesabu yoyote. Samaki aliyekosewa aliandikwa kwa bei ya menyu, ile anayolipa mteja, yaani mgahawa ulikuwa unamuuzia mhudumu samaki ambaye hakumla, tena kwa faida.

Halafu kuna hadithi ya friza. Hii nilisimuliwa kwenye daladala, mwaka mzima baada ya kuondoka, na kijana aliyekuwa anaosha vyombo. Usiku umeme ulikatika, ukarudi, friza haikuwashwa. Asubuhi yeye ndiye wa kwanza kufika, anakuta samaki wamelegea na maji yametapakaa chini. Aliwasha, akapiga deki, akanyamaza. "Bro, wa kwanza kusema ndiye wa kwanza kuandikwa," aliniambia. Mpishi naye alipowashika alijua, bila shaka alijua, akaongeza ndimu na pilipili. Wakauzwa wote mchana ule.

Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, aliwahi kuchunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali miaka ya 1990. Alitarajia wodi zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu walikuwa wanayataja makosa yao. Kwa kipimo hicho, sisi na usafi wetu wa karatasi asubuhi ile tungepata alama za juu sana.

Watu wakisikia haya hudhani dawa ni upole. Sina hakika. Nyuma ya mgahawa ule kulikuwa na mama ntilie mwenye wasaidizi wawili, na mdomo wake, jamani, ulisikika hadi barabarani. Wali ukiungua alimporomoshea binti wa watu matusi mbele ya wateja. Kisha anatugeukia: "Wanangu, wali umeungua, subirini ugali." Saa tisa wanakula wote sufuria moja, ukoko ukiwemo. Yalikuwa matusi, siyatetei, lakini hayakuwa deni. Binti aliyeunguza wali leo, kesho aliweza kusema mapema kwamba maharage yamechacha.

Mwezi uliopita, kwenye mgahawa mwingine kabisa, niliagiza ndizi nyama nikaletewa chipsi kuku. Nilimwita dada aliyenihudumia, nikamuuliza taratibu kama nikirudisha atakatwa. Hakujibu. Aligeuka kidogo, akatazama kaunta.

Nikamwomba aniletee pilipili.