Godoro la Bunagana

Kaberebere, Isingiro

Mpwa wangu mpendwa,



Ujumbe wako nimeusoma. Kumbe kaka yako alikucheka mbele ya watu ulipokuwa unasimulia mama yenu alivyovuka mpaka wa Bunagana, godoro kichwani na wewe mgongoni! Anasema ulikuwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, umefungwa kitenge, umelala, hukuona kitu. Na wewe unaniuliza, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa nasari, kama kumbukumbu hiyo ni yako kweli.

Nitakujibu bila kupendelea mtu. Kuhusu godoro, huenda kaka yako yuko sahihi. Kuhusu kukucheka, amekosa adabu.

Ile ilikuwa Julai 2012, waasi wa M23 walipoiteka Bunagana, upande wa Kongo, na watu wakamiminika Kisoro, Uganda, hadi Nyakabande. Sasa, ukiwauliza watu wazima jambo la kwanza kabisa wanalolikumbuka maishani, wengi watakutajia la umri wa miaka mitatu, mitatu na nusu hivi. La kabla ya hapo hawana, hata waliokulia kwa amani nyumba moja tangu kuzaliwa. Kwa hiyo usiseme tena kwamba vita vilikuibia utoto wako wa Rutshuru. Vita vilituibia mengi, lakini hilo tungelisahau hata tungebaki.

Wala usidhani mtoto mchanga hakumbuki. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, alifunga utepe kwenye mguu wa mtoto kitandani, ncha ya pili akaifunga kwenye vichezeo vinavyoning'inia juu yake. Mtoto akirusha teke, vichezeo vinacheza. Wa miezi miwili walikumbuka mchezo huo siku moja au mbili, wa miezi mitatu wiki nzima, wa miezi sita wiki mbili. Mgongoni pale ulimjua mama yako, sauti yake na harufu yake. Ulichokuwa hujakiweza ni kulihifadhi tukio pamoja na mahali pake na wakati wake, ujue kwamba wewe ulikuwepo. Kazi hiyo inategemea sana sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, nayo huchukua miaka kukomaa.

Halafu kuna maneno. Huko New Zealand, mwaka 2002, Gabrielle Simcock na Harlene Hayne waliandika juu ya watoto wadogo walioonyeshwa mashine iliyojifanya kupunguza ukubwa wa vichezeo. Miezi sita au mwaka baadaye watoto walizitambua picha za vitu vile, tena waliweza kuonyesha mashine ilivyotumika. Lakini walipoambiwa wasimulie, hawakutumia neno hata moja ambalo hawakuwa nalo siku ya tukio, ingawa sasa walikuwa wanajua maneno mengi zaidi. Wewe mwaka 2012 ulikuwa na vineno vichache vya Kinyabwisha. Hadithi nzima ya godoro, kwa Kiswahili hiki kizuri, nadhani umeipata kwa mama.

Hilo lisikuaibishe. Jean Piaget, bingwa wa mambo ya akili za watoto, alikumbuka waziwazi mtu akijaribu kumteka kutoka kwenye kigari chake jijini Paris na yaya akipigana hadi akakwaruzwa usoni. Piaget alipokuwa na miaka kama 15, yaya aliandika barua kukiri kwamba aliitunga habari yote. Mtoto alikuwa ameisikia ikisimuliwa, akaichora kichwani mwake. Tofauti yako na Piaget ni kwamba godoro lenu lilikuwepo. Mimi mwenyewe nimelilalia.

Na huyo kaka yako asijigambe sana. Patricia Bauer na Marina Larkina walirekodi watoto wa miaka mitatu wakizungumza na mama zao juu ya mambo yaliyowapata. Waliorudishwa kuulizwa wakiwa na miaka mitano hadi saba walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya mambo hayo. Wenye miaka minane au tisa hawakufika asilimia 40. Yaani tunaanza kuupoteza utoto tungali watoto. Kaka yako alikuwa na miaka sita, sawa, anayo ya kwake. Lakini yeye pia amelelewa na masimulizi ya mama yaleyale, na sidhani anaweza kuyachambua.

Ninayemfikiria zaidi ni mdogo wenu, maana sasa ana miaka mitatu. Hayne na wenzake waliwahi kuona kwamba Wamaori wa New Zealand hukumbuka ya mapema kuliko wenzao, wastani wa miaka miwili na miezi minane, na kwao kuongea ya zamani na watoto ni jambo la kila siku. Nguvu ya kuongea hivyo naiona hapa darasani. Ukimuuliza mtoto "Mlifanya nini?" atasema "Tulicheza," basi. Ukimuuliza ziwani alikwenda na nani, maji yalikuwaje, kisha ikawaje, hadithi inatoka yenyewe. Ila usimtie maneno. Ukimwambia "Yule ng'ombe alikutisha, sivyo?" atakubali, na wiki ijayo pembe zitakuwa zimeongezeka urefu, kana kwamba za ng'ombe wa Ankole hazitoshi.

Kwa hiyo jioni mkikaa kumenya mihogo, mwache aanze yeye. Bibi naye asimkatize, najua ni vigumu. Yale ya Rutshuru muulize mama mkiwa wawili, uandike kwenye daftari, na pembeni uweke nani kasema nini. Daftari nitampa bodaboda kesho akuletee pamoja na sabuni. Sabuni ni ya wote.

Shangazi yako