Vipochi Viwili na Malkia wa Mipasho



Mwezi uliopita tulivuka Dar kununua lesi ya bibi harusi mmoja. Sisi ni ndugu wawili na vyerehani vitatu, kwa hiyo safari tunakwenda pamoja, mkoba mmoja, vipochi viwili ndani yake. Chekundu chetu, cha nauli na matumizi. Cheusi cha bibi harusi: shilingi 450,000, amana ya watu.

Kabla ya kufika Kariakoo tukasikia kwamba katika duka moja kubwa la ghorofa, lile la nguo, vyombo na makochi, Bi Khadija Kopa ataimba mchana. Ataimba dukani! Basi bajaji ikageuzwa.

Tangu wadogo tunampenda. Mtoto wa Unguja yule, kaanzia Culture Musical Club kabla hajahamia Dar na TOT miaka ya 1990, na leo bintiye Zuchu anaimba dunia nzima inasikia. Lakini sisi mafundi tunampenda kwa nguo pia. Siku hiyo alitokea kati ya masufuria na mapazia kavaa gauni la rangi ya zabibu, mikono imefumuka begani kama tanga lililoshika upepo, kisha imebana kiwikoni. Shanga mpaka kwenye pindo. Tulisimama kwenye ngazi tukihesabu vipande vya mkono ule: vitatu, au vinne?

Harusini kwetu taarabu tunakaa wanawake watupu, unacheza utakavyo. Pale wanaume walijaa na simu zao juu, tukabana mitandio. Hata hivyo alipofika penye mpasho wenyewe, mkono ulikwenda mkobani, mguu ukashuka ngazi, tukaenda kumtunza. (Mkono wa nani kati yetu, hatusemi.) Noti moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Elfu kumi kumi. Akatutazama, akatabasamu, tukarudi kwenye ngazi kama tuliotunzwa sisi.

Kisha muziki ukazimwa kupisha adhana ya alasiri. Duka zima kimya. Na katika kimya kile tukaona kipochi kilicho wazi mkononi ni cheusi.

Hatukungoja wimbo wa pili. Tuliswali, tukaenda mtaa wa Kongo, tukanunua lesi ile ile tuliyoagizwa, arobaini tukaifidia kutoka kipochi chekundu. Nauli ya boti haikutosha. Tulilala kwa shangazi Ilala, asubuhi shemeji akatuma pesa kwa simu, na maneno juu yake.

Ndani ya boti tulibishana mpaka Chumbe inaonekana. Mmoja alisema: pesa imerudi, lesi ipo, tumwambie nini mtoto wa watu? Mwenziwe akasema: kwani tuliruhusiwa kukopa? Hakuna aliyekuwa na jibu la hilo.

Tukamwambia, jioni ile ile, akiwa anapimwa kiuno. Alinyamaza kidogo. Tukadhani kazi ndiyo imeondoka.

"Alivaa nini?" akauliza.

Tukamchorea kwa chaki juu ya meza. Akaitazama ile mikono, akaigusa, akasema na yeye anaitaka hivyo hivyo.

Mikono ile inakula lesi mita mbili zaidi. Jumatano tunavuka tena, na kipochi cheusi safari hii atakishika mama yake bibi harusi.