Bamba la Chini ya Sitaha

Kamba haikukatika. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Asubuhi ile ya Julai, baada ya usiku wa Kusi kali, tuliikuta boti ya baba imelala ubavu kwenye mikoko, ng'ambo ya hori la Mtwapa. Kamba yenyewe ilikuwa pale pale kwenye boya. Tulipoivuta, ilitoka na kile chuma chenye pembe mbili cha kufungia kamba kinachokaa omoni, ambacho nyumbani tunakiita pembe tu. Fundo la baba lilikuwa bado limekaza. Bolti nne zilining'inia chini yake pamoja na nati na washa zake, zote nzima, zinang'aa.

Pembe ile niliifunga mimi.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza stashahada ya ufundi wa mitambo, niko nyumbani nasubiri kazi. Baba alikuwa amenunua boti ya faiba iliyotumika, futi 23, ya kuwapeleka wageni kuvua. Maisha yake yote alijua mbao. Kwenye mashua ya mbao, kinachovutwa na kamba hushikwa na taruma nene. Sitaha ya boti hii ni ngozi mbili nyembamba za faiba, na katikati yake mbao laini ya balsa ambayo unaweza kuitia ukucha. Ukifunga bolti kwa washa peke yake, washa yenye upana wa sarafu ndiyo itakayobeba mvuto wote, na siku ya mawimbi itapenya. Ndiyo maana chini ya sitaha, mahali ambapo hakuna anayepaona, huwekwa bamba la kuutawanya mvuto huo.

"Utatia nini, mwanangu?" baba aliniuliza.

"Alumini. Nyepesi, na haishiki kutu."

Yeye alitaka kipande cha mvule. Nikacheka. Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu, nikapata kipande cha milimita 6, nikakikata kwa msumeno wa mkono kabla ya adhuhuri. Kwa kuwa mwili wangu ndio uliokuwa mdogo kuliko wote pale, niliingia mwenyewe kwenye ule uchochoro wa omoni, nikakaza nati za stenlesi juu ya bamba la alumini, nikatoka najipangusa jasho nikijiona fundi.

Darasani nilifundishwa. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hugeuka betri, na ile dhaifu ndiyo inayolika. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na nililijibu vizuri. Lakini kichwani mwangu maji ya chumvi yalikuwa maji ya maabara, ndani ya chupa. Sikuyafikiria kama tone moja linalopenya kwenye tundu la bolti kila siku kwa miaka miwili.

Tulipoirudisha boti niliingia tena mle ndani, na tochi. Bamba lilikuwa limevimba na kufunikwa na unga mweupe, matundu manne yamelika hadi yakaungana. Juu yake balsa ilikuwa nyeusi, imelowa kama makapi ya chai.

"Kuna nini huko?" baba aliuliza kutoka juu.

Nilikaa kimya kwa muda. "Nimekosea, baba."

"Haya. Toka, uje ule."

Kijana anayelala botini kuilinda alikuwa kwao matangani usiku ule. Baba hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Mimi nililifikiria kila siku wakati tukiziba ubavu uliopasuka kwa fedha alizoweka za kununua mashine mpya.

Safari hii kila mtu pwani alikuwa na ushauri wake. Mmoja alisema tutumie chuma cha kawaida tukipake rangi, kana kwamba rangi hubaki ndani ya tundu baada ya bolti kukazwa. Mwenye duka alinigusishia sumaku kwenye bamba la stenlesi: "Unaona? Haishiki. Hii ndiyo ya baharini." Lakini ile ya 304, inayotengenezewa masufuria, kwa kawaida nayo sumaku haiishiki. Ya 316 imeongezwa molibdeni, ndiyo maana huvumilia chumvi zaidi, na jicho halitakuonyesha tofauti. Nilitaka karatasi. Nikaipata kwingine, kwa bei iliyotufanya tununue bamba la omoni tu, milimita 5. La tezi lilisubiri miezi miwili.

Na hata hiyo 316, ukiifungia kwenye maji yaliyotuama yasiyopata hewa, hutoboka. Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa tundu. Nilitoboa kwa keekee matundu mapana kuliko bolti, nikakwangua balsa yote iliyooza, nikajaza epoksi, ikakauka, nikatoboa tena katikati ya epoksi ili maji yakipita yasikutane na mbao.

Baba alilitwaa bamba, akazungusha kona zake kwa tupa. "Kona kali itaikata faiba." Kisha akaniambia nipapase chini ya sitaha. Palikuwa na vinundu. Bamba lingegusa mahali patatu na kuelea kwingine kote. Yeye aliyezoea kulalisha ubao hadi usipitishe hata mwanga alijua hilo bila kuingia. Tukalilaza juu ya epoksi nzito kabla ya kukaza.

Nilidhani tumemaliza. Akaleta kifuniko cha kufunga kwa kuzungusha, akachora duara kwenye ukuta wa kile kiuchochoro.

"Hapa toboa."

"Pa nini?"

"Mimi siwezi kuingia humo. Mara ya kwanza nilikuamini kwa sababu sikuwa na njia nyingine."

Nikatoboa. Sasa kila magharibi, kabla ya kufunga kamba, baba hufungua kifuniko, huingiza mkono hadi begani na kuzipapasa nati, moja, mbili, tatu, nne. Huutoa mkono, hutazama ncha za vidole kwenye mwanga uliobaki. Mimi husimama kando nimeshika kamba, nikimngoja.