Watasema, Popi na Simba Waenda Ulaya

Viza yangu ya Ujerumani ilitoka mapema kuliko karatasi za mbwa. Mimi niliulizwa maswali, nikaacha alama za vidole, nikaambiwa nisubiri simu. Simba, Popi na Watasema wao walidaiwa damu.

Nyumbani kwetu Usa River hao watatu walikuwa walinzi, basi. Mchana wanalala chini ya mparachichi, usiku wanazunguka uzio wa michongoma. Chakula chao ugali wa dona na dagaa, na mifupa siku ya sikukuu. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuka kizingiti cha jikoni. Watasema alipewa jina na marehemu baba mwaka tulioanza kujenga, na majirani wa wakati ule walijijua. Kwa hiyo mume wangu alipopata kazi Berlin nami nikasema siondoki bila mbwa, mjomba alicheka mpaka akashika meza. "Hiyo hela si ununue ng'ombe wa maziwa, mwanangu?"

Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi zisizoutia wasiwasi sana kwa habari ya kichaa cha mbwa. Tanzania haimo, wala Kenya. Mbwa anayetoka nje ya orodha hiyo huwekewa kwanza chipu yenye tarakimu 15 chini ya ngozi, ndipo achanjwe. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Kadi zao za miaka yote, nilizozitunza kabatini pamoja na hati ya kiwanja, zikawa karatasi tu; tukaanza upya. Baada ya chanjo unasubiri siku 30 au zaidi, mbwa anatolewa damu, na maji yake yanapelekwa maabara inayotambuliwa na Umoja huo. Sampuli zetu zilikwenda Onderstepoort, Afrika Kusini, zikiwa kwenye barafu. Kinga ikifika 0.5 kwa kipimo chao, unahesabu miezi mitatu tangu siku sindano ya damu ilipoingia, ndipo mbwa akubaliwe kuingia.

Simba alipita. Watasema alipita kwa mbali. Popi alianguka.

Kuanguka maana yake ni kuchanja tena, kungoja tena, kutoa damu tena, na ile miezi mitatu kuanza moja. Mume wangu, ambaye kazi haikumngoja, alitangulia. Kwenye simu akashauri niende na wawili, Popi aje baadaye na mtu mwingine. Nilimwambia Popi ndiye anayelala mgongoni kwa Watasema. Ukimtoa mmoja hapo umewaharibu wote wawili. Nikabaki.

Kuna watu wanaoiona sheria hii kama dharau kwa Waafrika. Nimezisikia hoja zao, na kwenye mambo mengine ya viza naungana nao. Kwenye hili, hapana. Nikiwa shule ya msingi, mtoto wa jirani aling'atwa na mbwa aliyepita tu njiani. Walimfunga majani kwenye kidonda, kikapona, watu wakasahau. Baadaye nilimsikia akiomba maji. Akipewa kikombe, koo linakakamaa, maji yanamwagika kifuani, naye anaomba tena. Kidonda kile kilihitaji kuoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa robo saa, kisha hospitali siku ileile kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza, dawa hakuna. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani waliambukizwa na mbwa, na wengi wao wako Afrika na Asia. Wajerumani nao hawakupewa usalama wao bure. Kwao aliyesumbua ni mbweha, na tangu miaka ya 1980 walikuwa wakitega chambo chenye chanjo misituni, kingine kikimwagwa kwa ndege, mpaka mwaka 2008 nchi ikatangazwa kuwa salama. Nchi iliyomwagia mbweha wake chanjo kutoka angani ina haki ya kuniuliza habari za Popi.

Wakati tunamngoja, nilikwenda kwa fundi seremala Tengeru kutengeneza makasha. Ya plastiki yalikuwapo mjini, ila la ukubwa wa Simba halikupatikana. Mashirika ya ndege yana kanuni ya vipimo: unapima kutoka pua hadi shina la mkia, unaongeza nusu ya urefu wa mguu kutoka chini hadi kiwiko, huo ndio urefu wa kasha. Upana ni mabega mara mbili. Kimo, mbwa asimame bila masikio kugusa dari. Fundi alipiga magoti na tepu yake, kalamu sikioni, Simba akimnusa shingo.

"Dada, nimepima makabati, nimepima majeneza. Wa kusimama tuli hivi ni huyu wa kwanza."

Alitumia plaiwudi nene, akatoboa matundu pande zote nne, mlango akauwekea wavu wa chuma wenye komeo mbili, na bakuli la maji likaning'inia kwa ndani ili lijazwe kutoka nje. Magurudumu alitaka kuyaweka kwa hisani yake, nikamzuia, hayaruhusiwi. Tangu siku hiyo mbwa walikula ndani ya makasha, milango wazi, khanga kuukuu chini. Dawa ya usingizi nilikataa mwenyewe kabla hata daktari hajaniambia: mbwa aliyeleweshwa hawezi kujishika ndege ikitikisika, na pumzi inaweza kumwishia hakuna mtu wa kumwona.

Cheti cha afya ndicho kilichonikimbiza. Kinatolewa na daktari wa mifugo wa serikali, na mbwa lazima wawe wamefika Ulaya ndani ya siku 10 tangu kisainiwe. Ukiwahi sana kimeoza. Ukichelewa ndege inaondoka. Changu kilikuwa cha kuingilia Uholanzi, ambako ndege yetu ingetua, Kiingereza huku, Kiholanzi kule, na daktari alilazimika kukata kwa kalamu kila sentensi isiyotuhusu, kisha kuweka saini na mhuri kila alipokata. Penye aina ya mbwa aliandika "mchanganyiko" mara tatu bila kuniuliza.

Uwanja wa ndege wa KIA, usiku. Mtu wa mizigo alisoma karatasi zote na kuchungulia kila kasha, akawasalimia kwa majina aliyoyakuta yameandikwa. "Watasema, safari njema baba." Ndege ilipitia Dar, na hapo ndipo niliposota. Abiria wanashuka, wengine wanapanda, joto la Dar unalijua, na mbwa wako chini kwenye chumba cha mizigo. Chumba hicho kina mgandamizo wa hewa kama wa abiria, hilo nilikuwa nimelisoma, kulisoma hakukunisaidia. Nilimwita mhudumu. Alikwenda kwa rubani, akarudi: wanajua kuna mbwa watatu, na joto la kule limepangwa. Nikaweza kunywa maji.

Uholanzi, uwanjani Schiphol, nilimsikia Simba kabla sijamwona. Nikawapitisha njia nyekundu, ya wenye kitu cha kuonyesha, nikisukuma vitoroli viwili huku kijana wa mizigo akisukuma cha tatu. Ofisa wa forodha alipitisha kifaa chake shingoni kwa Simba, kikalia. Akasoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, kidole kikiifuata kwenye cheti. Watasema, kikalia. Popi, kimya. Akarudia. Kimya. Chipu ndiyo kitambulisho. Bila chipu, damu yote ile si yake. Nikamwomba ateremke begani. Akateremka, akapita ubavu wa kushoto, karibu na kiwiko kikalia. Chipu hutembea chini ya ngozi, daktari wetu alishaniambia, na ya Popi ilikuwa imetembea.

Nje mume wangu alikuwa na gari la kukodi. Simba na Watasema walikojoa kwenye nguzo ya kwanza. Popi, aliyezoea udongo, aliikataa sakafu ya zege mpaka tulipopata kipande cha majani nyuma ya maegesho. Njia ya Berlin ni ndefu lakini haina hadithi: Hengelo, Osnabrück, Hannover, Magdeburg. Mpaka wa Uholanzi na Ujerumani niliupita bila kuuona. Namanga hapo ungekuta foleni ya malori.

Kazi ilikuwa mlangoni. Nyumba ni ghorofa ya nne, hakuna lifti, na mbwa hawajawahi kupanda ngazi. Tukawabeba. Mlango ulipofunguliwa walikaa kizingitini, wote watatu, wakatazama ndani na hawakuingia. Niliwaita, nikawaonyesha nyama. Miaka yote niliwafundisha kwamba ndani si kwao. Mwisho nililala sakafuni sebuleni na koti langu, na alfajiri nikamkuta Popi miguuni.

Hapa kila mbwa ana bima ya lazima, kibati cha namba shingoni, na kodi: yuro 120 kwa mwaka kwa wa kwanza, 180 kwa kila anayeongezeka. Nilipomweleza mama kwenye simu, alinyamaza kidogo. "Kodi ya vibanda walituletea hao hao mwaka 1897. Kumbe ya mbwa walijibakizia wenyewe." Kuhusu kuokota kinyesi kwa mfuko wa plastiki sijamwambia bado.

Jumapili tunakwenda Grunewald, msituni pembeni mwa ziwa, ambako mbwa wanaruhusiwa kufunguliwa kamba. Huko ndiko alikonifuata mzee mmoja mwenye kofia, mbwa wake kachanwa manyoya vizuri. Aliwatazama wangu muda mrefu, akauliza ni mbegu ya wapi. Nikamwambia Usa River. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema alishawahi kumwona mmoja Hamburg.