Wimbo nisiouelewa hata neno ulivyoniliza

Wiki hii utani nauweka pembeni.

Juzi nilikuwa kwa mshikaji wangu mmoja, simu yake inapiga nyimbo ovyo ovyo. Ukaja mmoja wa Kijapani, dada anaimba taratibuuu. Sikuelewa kitu, lakini koo likanikaba.

Nikautafuta. Kumbe unaitwa Nada Sōsō, maneno ya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, yaani machozi yanayobubujika. Muziki ni wa bendi ya BEGIN ya huko huko, mashairi ya mwanamama Ryoko Moriyama, akimkumbuka kaka yake aliyefariki angali kijana. Mwaka 2001 Rimi Natsukawa, naye mtoto wa Okinawa, akaurudia, ukavuma Japani nzima.

Kilichonimaliza ni hiki: wimbo hausimulii mazishi. Ni mtu na albamu ya picha za zamani, anamshukuru marehemu kana kwamba yupo.

Nikamkumbuka bro. Tangu arobaini yake ipite, nyumbani jina lake halitajwi, eti tusimlize mama. Picha zake tumezifungia kabatini.

Jumapili nikazitoa, nikamwekea mama mapajani. Alilia, sikatai. Halafu akacheka: "Hebu mwone! Na shati lenyewe la kuazima!"

Miaka minne sikuwahi kumsikia akimtaja. Siku hiyo alimtaja mpaka chai ikapoa.

Na wewe je, picha za wa kwenu zimefichwa wapi?

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.