Doa jekundu kwenye kiti cha gari

Msomaji mpendwa, wewe ungefanya nini lau ungefungua mlango wa gari la mumeo Jumatatu asubuhi ukakuta doa jekundu la rangi ya mdomo kwenye kiti cha abiria, na kando yake unyevu kuonyesha kwamba kuna mtu aliyejaribu kulifuta usiku?

Mimi nilinyamaza. Nilitandika leso juu ya kiti nikaketi, tukaenda hadi mjini bila ya neno. Siku tatu nzima nilikuwa nikikagua kola za mashati na kumhesabia dakika akichelewa kurudi. Baba Watoto naye alinitazama kama mtu mwenye siri, na kweli alikuwa nayo.

Siku ya nne uvumilivu ulinitoka. Nilimuuliza waziwazi ni nani huyo anayejipodoa ndani ya gari letu. Alinitazama kwa muda, kisha akamwita kifungua mimba wetu, msichana wa miaka 13, aliyekuwa jikoni akiosha vyombo. Mtoto alipoziona nyuso zetu alianza kulia kabla hajaulizwa lolote.

Kumbe alikuwa amepewa rangi ya mdomo na rafikiye, na Jumapili tulipofika kanisani akaificha bila kifuniko katika upenyo ulio baina ya kiti na mgongo wake. Gari likashinda juani, madirisha yamefungwa. Rangi ya mdomo, ndugu msomaji, ni nta na mafuta yaliyotiwa rangi, na joto la gari lililofungwa latosha kuiyeyusha. Babake aligundua jioni, naye binti akamsihi asiniambie. Ndipo mzee wa watu akatoka usiku na beseni la maji moto.

"Kwa nini hukutaka nijue?" nilimuuliza.

"Ungenichapa, Mama."

Sikuwa na jibu. Miezi michache kabla ya hapo niliipata chupa ya rangi ya kucha mkobani mwake, nikaipasua ukutani yeye akiona.

Tulizungumza mengi usiku ule ambayo sitayaandika hapa. Lakini doa lilikuwa bado lipo, na Jumamosi mimi na yeye tulijifunga leso tukaingia kazini.

Maji moto ndiyo yaliyotuharibia. Huilainisha nta na kuizamisha ndani zaidi ya kitambaa. Tulianza kwa kinyume chake: tulitia barafu ndani ya kikombe cha bati, tukakiegemeza juu ya doa hadi nta ikawa ngumu, kisha tukaikwangua polepole kwa ncha ya kijiko. Usisugue, maana kusugua ni kulitanua doa.

Baadaye tulichukua spiriti ya duka la dawa, ile isiyo na rangi. Ya zambarau yaweza kukuachia doa jingine. Tuliijaribu kwanza chini ya kiti pasipoonekana, tuhakikishe kwamba kitambaa hakichujuki. Tulilowesha kitambaa cheupe kidogo tu, tukawa tunagusagusa kutoka pembeni kuelekea katikati, tukikigeuza kila upande uliposhika wekundu. Milango ilikuwa wazi, na babake aliyetaka kuja kutazama akiwa na sigara nilimfukuza, kwani spiriti hushika moto upesi.

Mwisho tulipitisha povu la sabuni ya vyombo katika maji ya vuguvugu, tukalipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, tukakandamiza taulo kavu. Usimwage maji. Sponji iliyo ndani ya kiti huyanywa, na gari litanuka wiki nzima.

Ikiwa viti vyako ni vya ngozi, achana na spiriti, tumia sabuni kidogo tu. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha usiikaribishe kabisa, huchubua ngozi na kuyeyusha baadhi ya plastiki. Poda ikimwagika ipanguse ingali kavu. Na wenzangu wa Pwani mnaobeba maharusi, hina mbichi ikidondoka iondoeni papo hapo, kwa kuwa hushika kiti cha ngozi jinsi inavyoshika mkono.

Kufikia saa kumi doa lilikuwa limetoka, isipokuwa kivuli cha waridi karibu na mshono. Nilitaka kuendelea. Baba Watoto akasema, "Liache hilo, Mama Watoto."

Kesho yake nilimwachia binti kiti cha mbele, nikakaa nyuma na wadogo zake. Tulipopita barabara ya lami nilimwona ameshusha kile kioo kidogo cha juu, anajitazama. Midomo yake ilikuwa inang'aa kwa mafuta, mengi kupita kiasi. Babake alinichungulia kupitia kioo chake kuona nitasema nini. Nilimwomba afungue madirisha kidogo, jua lilikuwa limeanza kuwa kali.