Shaba ya Baba na Mzabibu wa Lupango

Ndugu msomaji, wewe uliyezaliwa katika nyumba ya mtu wa mgodi, umekwisha kujiuliza shaba yetu inakwenda kufanya kazi gani huko mbali? Mimi nilijibu sikuzote: nyaya za umeme. Jibu lingine nililijua siku mzabibu wetu ulipougua.

Mzabibu ule tuliukuta katika lupango, umetambaa hata juu ya paa la jiko. Mwezi wa tisa ulitoa majani mazuri, na nikamwahidi mtoto wangu wa kwanza viatu vya shule kwa feza ya zabibu. Kiisha mvua ikafika. Juu ya majani nikaona madoa ya njano, kama tone la mawese juu ya karatasi. Nikageuza jani: chini yake ukungu mweupe. Vichala vikaanza kukauka na kuwa kama ngozi kuukuu.

Wafaransa wanauita ugonjwa huu mildiu. Ulitoka Amerika, ukaonekana kwao mwaka 1878, ukaharibu mashamba mengi. Katika sehemu ya Médoc, karibu na Bordeaux, wenye mashamba walikuwa wanapaka mizabibu ya kando ya njia maji ya sulfati ya shaba na chokaa, ili wezi waone rangi ile na kuogopa kula. Mwaka 1882 mwalimu Millardet akaona kwamba mizabibu ile ya njiani imebaki na majani, na ile ya ndani imepukutika. Mwaka 1885 akatangaza dawa yake. Kumbe wezi wa zabibu walisaidia elimu!

Niliposikia hayo nikafurahi: dawa ni shaba, na sisi tunakaa juu ya shaba! Nikanunua unga wa buluu, nikachanganya bila kupima, nikamwaga kila siku ya tatu. Majani yaliyougua hayakupona. Hata yale mazima yakaungua pembeni.

Baba yangu, aliyefanya kazi ya mgodi miaka 27, alikuwa ameketi akinitazama. Akasema: «Mwana, unaona kule moshi ya kiwanda inaangukaka? Hakuna hata nyasi. Njo ile shaba yako unamwanga hapa.»

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Shaba haiponyi jani lililokwisha kushikwa. Ni kama kofia ya mgodi: unaivaa mbele ya jiwe kuanguka. Inakaa juu ya jani na kuzuia mbegu za ugonjwa zisiote, mvua kubwa inaiosha, na jani jipya linazaliwa bila kinga. Ile inayooshwa haipotei. Inabaki katika udongo mwaka kwa mwaka, na minyoo ya udongo inaumia. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, tangu 2019, haukubali kupita kilo 28 za shaba kwa hektari moja katika miaka 7.

Viatu havikununuliwa kwa zabibu mwaka ule. Mtoto hakusema kitu, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

Sasa tunaanza kwa mkasi. Ugonjwa huu unataka maji juu ya jani. Basi tunapunguza matawi ili upepo upite na majani yakauke upesi. Tuliutoa mzabibu juu ya jiko, tukautandaza kwenye waya. Majani yaliyoanguka tunayaokota na kuyachoma, maana ugonjwa unalala ndani yake kungoja mvua nyingine. Dawa tunaweka kidogo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, mbele ya mvua, na tunachanganya katika ndoo ya plastiki, kwa sababu inakula bati (ndoo ya mama ilitobolewa, na ananikumbusha mpaka leo).

Mwaka uliofuata tulipata vikapu viwili.

Na kila mvua ya kwanza ikinyesha usiku, asubuhi namkuta baba na fimbo yake chini ya mzabibu, anageuza majani, moja moja.